Seli za ngozi na nguvu zinazozivuta: jibu kwa mwandishi wa safu

Mhariri,

Safu iliyochapishwa hivi karibuni katika gazeti lako ilihoji ni kwa nini mtu afadhiliwe miaka kadhaa kuvuta seli za ngozi na kutazama zitafanya nini, ilhali wagonjwa wanasubiri dawa. Anayegharimia utafiti ana haki ya kuuliza hivyo. Tatizo ni kwamba hoja nzima ya mwandishi imesimama juu ya dhana kuwa seli husikiliza kemikali peke yake, na kwamba mvuto na mgandamizo ni mambo ya pembeni. Mimi nasomea shahada ya uzamivu katika uwanja huohuo, na dhana hiyo siwezi kuiacha ipite.

Ngozi ya mtu hai imevutika muda wote, hata akiwa amelala. Mwaka 1861 Karl Langer, mtaalamu wa anatomia wa Vienna, alitoboa ngozi za maiti kwa chombo chenye ncha ya duara, na matundu hayakubaki duara. Yalirefuka, kwa sababu ngozi ilikuwa inavutwa upande mmoja kuliko mwingine. Mpaka leo madaktari wa upasuaji huzingatia mistari ya mvuto wa ngozi wanapoamua kisu kipite wapi. Kilichochelewa kujulikana ni namna seli yenyewe inavyohisi mvuto huo. Mwaka 2010 Ardem Patapoutian, Bertrand Coste na wenzao, wakifanya kazi California, walizigusa seli kwa ncha nyembamba ya kioo huku wakipima umeme unaopita, wakazima jeni moja baada ya nyingine kutoka orodha ya jeni 72, hadi wakapata ile ambayo ikizimwa seli haihisi tena mguso. Protini yake, Piezo1, ni mlango ulio kwenye utando wa seli: utando ukivutika, mlango hufunguka na ioni, yaani chembe ndogo zenye chaji ya umeme, zikiwemo za kalsiamu, huingia ndani. Kazi hiyo ilimpatia Patapoutian nusu ya Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2021, pamoja na David Julius, na sidhani kama kuna aliyesema wakati ule kwamba kuchokoa seli ni mchezo.

Mlango huo si njia pekee. Seli hushika kolajeni iliyoizunguka, yaani nyuzi za protini zinazoipa ngozi uimara, kwa protini ziitwazo integrini, na nyuzi za aktini zilizo ndani ya seli huufikisha mvuto huo hadi kwenye kiini, mahali zinapoamuliwa jeni zipi zifanye kazi. Wala seli haingoji kuvutwa, maana nayo huvuta. Mwaka 1980 Albert Harris na wenzake waliweka seli juu ya utando mwembamba sana wa silikoni, na utando ukakunjamana chini yake. Siku hizi tunatumia jeli laini iliyochanganywa na chembe ndogo zinazong'aa. Chini ya hadubini unaziona chembe zikisogea kuelekea katikati ya seli, na kutokana na umbali zilizosogea tunakokotoa nguvu iliyotumika.

Hapa ndipo swali la dawa linapoingia, na ndipo mwandishi alipopitiwa kabisa. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu seli za ngozi yalipatikana kwenye sahani za plastiki, ambazo ugumu wake unazidi ule wa ngozi mara maelfu. Faibroblasti, yaani seli inayotengeneza kolajeni, ikikaa juu ya plastiki hiyo huanza kujigeuza kuwa seli ya kukaza kidonda, yenye nyuzi nene na mvuto mkubwa, ingawa hakuna kidonda chochote. Dawa ya makovu ikijaribiwa hapo, inajaribiwa kwa seli ambayo tayari imeshatiwa hamaki na sakafu yake.

Makovu yenyewe yanatoa ushahidi. Keloidi, yaani makovu yanayovimba na kukua kupita mipaka ya kidonda, ambazo huwasumbua zaidi watu wenye ngozi nyeusi, hupenda kuota kifuani na mabegani, sehemu ambazo ngozi huvutwa kila mtu anapopumua au kuinua mkono. Lakini huota pia kwenye ndewe za masikio, ambako mvuto ni mdogo, kwa hiyo anayedai kwamba nguvu ndiyo sababu pekee anatia chumvi. Vilevile, panya walioondolewa Piezo1 katika tabaka la juu la ngozi walionekana kufunga vidonda haraka zaidi, jambo la kutia moyo. Hata hivyo ngozi ya panya ni legevu na hufunga kidonda zaidi kwa kujikaza, tofauti na yetu, na kidonda kufunga haraka si sawa na kupona bila kovu. Kwa sababu hizo simwahidi msomaji marhamu yoyote kutokana na tasnifu yangu.

Namwomba tu mwandishi wa safu, siku atakapoisifia dawa mpya ya ngozi, awaulize walioitengeneza: seli mlizoijaribia zilikuwa zimekaa juu ya nini?

Mwanafunzi wa uzamivu, biolojia ya seli