Hemedi, breki kwanza, injini baadaye

Nizwa, Oman
Ijumaa, baada ya swala

Sahibu yangu Hemedi,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, joto limeanza kupungua na usiku sasa tunalala bila kiyoyozi. Nisalimie shemeji na watoto. Mama mwambie ile dawa yake ya miguu nimeshaipata, nitampa mtu anayekuja Tanga mwezi ujao.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Nimeisikia furaha yako ya kupata injini ya 1UZ ya Toyota, V8 (silinda nane) ya lita nne, unayotaka kuifunga kwenye Hilux ya marehemu baba. Sikuvunji moyo. Injini ile naijua, ni laini na haina usumbufu, na ikikaa vizuri inatoa nguvu za farasi 250 hivi mahali ambapo dizeli yako, ile aina ya 3L, haifiki hata 100. Lakini katika dakika zote saba ulizoongea umetaja gia boksi, umetaja rejeta, umetaja ekzosi, umetaja mpaka rangi. Breki hukuzitaja hata mara moja. Ndiyo maana nimekaa kuandika badala ya kukujibu kwa sauti. Nataka barua hii uende nayo gereji, uisome pamoja na fundi.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia, na hata nyumbani sikulisema, wasije wakakosa usingizi.

Mwaka juzi, Septemba, msimu wa makomamanga, nilimpeleka mzee wangu wa kazi na mama yake Jabal Akhdar. Mlima huo uko karibu na hapa Nizwa. Pale chini, Birkat al-Mouz, kuna kizuizi cha polisi, na gari lisilo na four-wheel haliruhusiwi kupanda. Ukiiona barabara yenyewe utashangaa, maana ni lami, pana, nzuri kabisa, hata gari dogo la saluni lingefika juu. Mimi sasa naamini sheria ile iliwekwa kwa ajili ya kushuka. Kandokando wamechonga njia za dharura zinazopanda kwenye ubavu wa mlima, kwa ajili ya gari lililokata breki.

Tulikuwa na pikapu kubwa ya Kimarekani ya V8. Kampuni siitaji, kwa sababu kosa halikuwa la gari. Kupanda ilikuwa raha tupu, unagusa mafuta kidogo tu na mlima unalala. Wakati wa kurudi tukajaza makreti ya makomamanga nyuma, watu watano ndani, nami nikaiacha gia kwenye D na mguu juu ya breki kama niko mjini.

Kona ya nne au ya tano nikasikia harufu. Unaijua ile ya klachi iliyoungua. Hii ni kali zaidi, inakaa kooni. Nikafungua dirisha nikidhani ni lori la mbele. Mbele hakukuwa na lori. Kona iliyofuata pedali ikazama kuliko kawaida, laini kama nakanyaga godoro, gari likapunguza kidogo halafu likaendelea na safari yake. Bi mkubwa kiti cha nyuma alikuwa akivuta tasbihi. Nikasikia shanga zimenyamaza.

Nikapampu mara moja, mbili, tatu, pedali ikarudi kidogo. Nikashusha gia kwa mkono mpaka ya tatu, injini ikalia. Ya pili, ikalia zaidi, nikaiacha ilie. Hiyo ndiyo iliyotuokoa. Tulipopata sehemu pana nikaegesha, nikaweka mawe. Diski za mbele zilikuwa zimegeuka buluu pembezoni na moshi mwembamba unatoka katikati ya ringi. Kijana mmoja akaja mbio na chupa ya maji, nikamzuia, maana diski yenye moto ule ukiimwagia maji inapinda au inapasuka.

Akasimama mzee wa Kiomani na Land Cruiser yake ya zamani. Alinisikia najisemea Kiswahili, akanijibu kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka. Alizaliwa huko, Mjini, akaja huku baada ya 1964. Akaangalia magurudumu, akaniambia, "Mwanangu, mlima hushukwa kwa gia iliyoupandia." Mimi sikujua hata niliupanda na gia gani, otomatiki ndiyo iliyonichagulia. Tulikaa pale saa nzima na robo mpaka ringi zikashikika.

Kesho yake nikafungua mafuta ya breki mwenyewe. Yalitoka meusi kama kahawa ya msibani. Gereji tuliyokuwa tunaitumia ilikuwa imeandika kwenye risiti kwamba yamebadilishwa.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma na kuuliza. Mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu wa hewani. Kwa kiwango cha chini kinachotakiwa, mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanapaswa kustahimili nyuzi 205 kabla ya kuchemka, na yakishanywa maji ni 140 tu. DOT 4 ni 230 mapya na 155 yakishachakaa. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanika, kwa hiyo mguu wako unabana mvuke badala ya kubana pedi. Ule ndio ulaini niliousikia. Upo ugonjwa mwingine unaofanana nao kwa nje, pale pedi zenyewe zinapozidiwa na moto. Huo pedali inabaki ngumu, unakanyaga mpaka goti linatetemeka, na gari haliumi. Fundi wako lazima ajue kuutofautisha huu na ule, kwa sababu dawa zake ni mbili: mmoja ni mafuta, mwingine ni pedi na diski.

Nikapiga hesabu ya mlima ule. Kutoka kule juu mpaka Birkat al-Mouz unashuka kama mita 1,300. Ukiziachia breki peke yake zibebe mshuko huo wote, joto linalopita kwenye diski ni sawa na kulisimamisha gari hilohilo kutoka kilomita 100 kwa saa zaidi ya mara 30, mfululizo, bila kupumzika. Fikiria wewe mwenyewe unasimama kwa nguvu mara 30 kutoka 100. Na huko kwetu Lushoto hadi Mombo ni karibu mita 1,000 za kushuka, kwa hiyo hapo ni zaidi ya mara 20. Baba aliishusha Hilux ile miaka yote kwa gia ya pili, taratibu, nasi tulikuwa tunamlalamikia kwamba anachelewa. Leo namwelewa, Mungu amrehemu.

Sasa mwendo. Joto la kusimama halipandi sambamba na mwendo, linapanda kwa mraba wake. Dizeli yako ilikuwa ikifika 100 inahema. V8 ile itafika 140 hujamaliza kusimulia hadithi, na kusimama kutoka 140 ni mara mbili ya joto la kusimama kutoka 100, kwa diski zilezile na uzito uleule. Kwa mwendo huo kila sekunde unakula mita karibu 39. Mbuzi akikatiza pale Mkumbara, sekunde moja ya kushtuka tu, breki hazijaguswa, umeshakwenda mita hizo.

Wanaounda pikapu zenye nguvu wanalijua hili. Mzee wangu wa kazi sasa ana pikapu ya Ram TRX, lita 6.2 yenye supachaja, nguvu za farasi 702, uzito wake karibu kilo 2,900. Usiangalie injini peke yake, chungulia ndani ya ringi uone diski za inchi 15 mbele. Hata hivyo naliheshimu. Tairi zake ni za inchi 35, za vipande vikubwa vya kushika mchanga, na kwenye lami vipande hivyo vinacheza, haviumi kama tairi za barabarani. Springi zake ndefu na laini, ukikanyaga breki pua inainama na mgongo unakuwa mwepesi. Au chukua GMC Syclone ya mwaka 1991, pikapu ndogo tu kama yako, V6 ya lita 4.3 yenye turbo, nguvu za farasi 280. Waliifunga ABS, ile ya kuzuia tairi zisijifunge, kwenye magurudumu yote manne, na mzigo ulioruhusiwa wakaushusha mpaka pauni 500, kama kilo 227. Kilo 227, Hemedi! Wewe unataka injini ya nguvu karibu hizo na bado upakie magunia ya viazi.

Kwa hiyo kaka, nakuomba.

Kwanza ingia uvunguni. Juu ya difu ya nyuma utaona kifimbo cha chuma kimeungana na vali iliyofungwa kwenye chesisi. Kifimbo kile kinapima mzigo: gari likiwa tupu kinapunguza nguvu ya breki za nyuma, tairi zisijifunge na kukugeuza, likilemewa kinaziachia. Ulisema mtaliinua kwa springi. Mkiliinua, difu inakuwa mbali na chesisi, vali inadhani gari ni tupu hata likiwa na tani moja, na breki za nyuma zinalala. Mafundi wengi huku na huko wanainua gari na kukisahau kile kifimbo. Kirekebishwe siku hiyohiyo.

Tairi za inchi 33 ziache. Kutoka 30 kwenda 33, breki zilezile zinapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya uwezo wake wa kulishika gari, kwa sababu gurudumu limekuwa refu na diski imebaki pale pale. Isitoshe, spidi mita itakudanganya, itasoma pungufu.

Halafu busta, lile bakuli linaloongeza nguvu ya mguu wako kwenye breki. Dizeli yako inavuta hewa ya busta kwa pampu iliyoko nyuma ya alteneta. Injini mpya ni ya petroli, haina pampu ile, hewa itavutwa kutoka kwenye manifodi. Mpira wake uwe ule mgumu wa busta, si mpira wowote wa maji uliookotwa gereji, na vali yake ya njia moja iwekwe kwa upande sahihi. Kuijaribu ni rahisi: injini imezimwa, pampu mpaka pedali iwe ngumu, shikilia mguu hapohapo, kisha washa. Pedali ikizama kidogo yenyewe, busta inafanya kazi. Isipozama, gari lisitoke getini.

Dramu za nyuma zifunguliwe, silinda zake ziangaliwe kama zinavuja, viatu vya breki vya ndani ya dramu virekebishwe mpaka gurudumu likizungushwa lisikike likigusa kidogo. Mafuta yamwagwe yote, muweke DOT 4 kutoka kopo lililofunguliwa mbele ya macho yako. Ukimaliza, usikimbilie Soni, kwenye mlima wa Lushoto. Tafuta barabara iliyonyooka asubuhi na mapema, weka mifuko ya mchanga nyuma, simamisha kutoka 80 mara tano mfululizo, na kila mara usikilize pedali ilipo. Ya tano ikizama kuliko ya kwanza, rudi gereji.

Najua fedha imebana na injini imeshakula sehemu kubwa. Breki nichangie mimi. Diski za mbele zina maandishi yaliyogongwa kwenye chuma, MIN TH, yaani unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, na namba yake kwa milimita. Kapime unene kwa venia, ile rula ya taya ya fundi, sehemu tatu tofauti, uniandikie namba zote. Zikiwa zimekaribia kipimo hicho msizipeleke kuchongwa tena, nitanunua mpya huku pamoja na pedi, nimpe huyohuyo anayemletea mama dawa.

Inshallah nitakuja baada ya Idi. Tutapanda Lushoto na Hilux ya mzee, wewe ukiwa kwenye usukani mpaka juu. Kushuka unipe mimi.

Ndugu yako,
Saidi