Barua ya wazi kwa vijana mnaotaka kurisiti GRE

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa na kero, na kero yenyewe naiona kila msimu wa maombi ya vyuo vya Marekani, ambako baadhi ya idara huwadai waombaji wa uzamili na uzamivu GRE, mtihani wa hesabu, lugha ya Kiingereza na uandishi. Kijana anatoka kwenye chumba cha mtihani na alama 156 za hesabu, moyo umemshuka, na usiku uleule anashika simu kuhesabu siku 21 ajiandikishe tena. Kanuni inamruhusu: siku 21 kati ya mtihani na mtihani, mara tano ndani ya miezi 12 mfululizo. Anarudi na kitabu kilekile na makosa yaleyale. Zimemtoka dola nyingine 220, zaidi ya laki tano za Kitanzania, tena mara nyingi ni pesa ya mama au mkopo wa SACCOS. Anatoka na 157.

Hiyo alama moja haina maana yoyote. GRE inapima kuanzia 130 hadi 170 kwa hesabu, na vivyo hivyo kwa lugha, na mtu yuleyule akirudia kesho bila kusoma chochote anaweza kupanda au kushuka alama mbili. Kamati za udahili zinalijua hilo. Msiuze mbuzi kwa ajili ya alama mbili.

Kabla ya kufikiria kurudia, fungueni ukurasa wa idara mnayoomba, maana ukurasa wa chuo kizima hautoshi. Tangu 2020 idara nyingi zimeacha kuidai GRE, nyingine haziitazami hata ukiituma. Ndani ya chuo kimoja uchumi wanaweza kuidai na afya ya jamii wasiidai. Kama haidaiwi na alama zako ni za wastani, usizitume. Ile dola 220 ni ada ya maombi ya vyuo viwili, pengine vitatu.

Ikidaiwa, tazameni sehemu ipi ina uzito. Anayeomba uhandisi atasomwa hesabu kwanza, anayeomba historia atasomwa lugha. Na msilinganishe sehemu hizo mbili kana kwamba ni moja: 165 ya lugha inakuweka juu sana kuliko 165 ya hesabu, kwa kuwa wanaofanya vizuri hesabu duniani ni wengi mno.

Sasa nije kwenye kinachoniuma hasa. Ukimwuliza kijana alipoteza wapi alama zake, anasema, "Hesabu ilikuwa ngumu." Hilo si jibu, mwanangu. Hesabu ipi? Kipande cha kwanza kina maswali 12 kwa dakika 21, cha pili 15 kwa dakika 26, na ugumu wa cha pili unapangwa na ulivyofanya cha kwanza. Ukivuruga cha kwanza kwa uzembe, unapewa cha pili chepesi, na hata ukikijibu chote, alama za juu kabisa hutazifikia. Wengi mnatoka mkifurahi kwamba mwishoni palikuwa rahisi. Hapo ndipo mlipopigwa.

Chukueni mfano. Unapewa kwamba x kipeo cha pili ni 9. Upande A umeandikwa x, upande B umeandikwa 3. Upi mkubwa? Kijana aliyepata A ya hisabati kidato cha nne anabonyeza "sawa" kwa sekunde kumi na kusonga mbele. Kumbe x inaweza kuwa hasi 3, na jibu ni kwamba haiwezekani kujua. Huyu hakukosa kwa kutojua kanuni. Ana tabia ya kusahau namba hasi, sifuri na namba za sehemu kama nusu na robo, na tabia hiyo haitibiwi kwa kukariri kitabu kipya cha kurasa mia tano.

Kwa hiyo nunueni daftari la shilingi elfu moja. Fanyeni moja ya majaribio mawili ya bure ya POWERPREP, mitihani ya mazoezi ya mtandaoni ya watunga GRE wenyewe, kwa saa halisi, simu imezimwa, bila kusimama katikati. Kisha kila swali mlilokosa liandikeni kwa mkono: nilijibu nini, niliwaza nini, kosa ni la aina gani. Aina ni tatu tu: sikujua, nilijua nikasoma vibaya, muda uliniishia. Mkifika makosa arobaini mtaona sura yenu wenyewe. Kama mengi ni ya kutojua, mnahitaji miezi miwili mitatu, na siku 21 ni kupoteza pesa. Kama ni ya kusoma vibaya, wiki tano sita za mazoezi ya polepole zinatosha. Kama ni muda, jifunzeni kuliacha swali, kuliwekea alama na kulirudia, na msiache pengo, maana jibu lisilo sahihi halikatwi alama.

Kwenye lugha fanyeni vivyo hivyo. Neno "qualify" tunalijua tangu shule ya msingi kuwa ni kufuzu, lakini mara nyingi ndani ya GRE maana yake ni kuiwekea kauli mipaka. Maneno mliyozoea ndiyo yanayowaangusha.

Lawama hii si yenu peke yenu. Sisi wazee tumewalea katika shule ambazo karatasi ya mtihani wa taifa hairudi kwa mtoto. Anapewa daraja, akifeli anaambiwa arisiti, na hakuna anayekaa naye amwonyeshe alipoteleza. Tumewafundisha kuogopa makosa yenu badala ya kuyasoma, kisha tunashangaa mnapoyakimbia mkiwa na miaka 27. Nisameheni kwa sehemu yangu.

Mengine nayataja tu. Chuo kinaona alama za siku ile tu ya mtihani mliyochagua kutuma, lakini hamwezi kuchanganya hesabu ya siku moja na lugha ya siku nyingine. Alama zinadumu miaka mitano. Majina ya usajili yalingane na pasipoti, jina kwa jina. Anayefanyia nyumbani haruhusiwi karatasi za kawaida, atafute ubao mdogo wa kufutika, na apange umeme mapema. Kama mara ya kwanza uliugua au intaneti ilikatika, hiyo ni sababu halali ya kurudia.

Kwangu mimi, lipieni tena pale tu jaribio la pili la POWERPREP, lililofanywa baada ya daftari, limepita alama yenu rasmi kwa nne au zaidi. Na hesabuni kurudi nyuma: programu nyingi za uzamivu hufunga kati ya Disemba 1 na 15, alama hutoka siku 8 hadi 10 baada ya mtihani. Likifika Novemba na daftari bado jeupe, acheni GRE. Kaeni na barua yenu ya maelezo binafsi, na waandikieni walimu wenu leo kuhusu barua za mapendekezo, maana wao ndio huchelewa kuliko wote.

Mzee wenu