Kinyama cha mtoto kisikauke njiani

Wiki iliyopita, hapa maabara, tulipokea kichupa kilichokuja na boti kutoka Mkoani, Pemba. Ndani yake mlikuwa na kinyama kilichokatwa kwenye utumbo wa kichanga ili kipimwe, hakizidi punje ya mchele, kimegandana na kitambaa kikavu. Fomalini, ile dawa ya kuhifadhia kinyama kisiharibike, hata tone. Tulikikata na kukitia rangi, majibu hatukuyapata, na yule mtoto ikabidi atolewe kinyama mara ya pili. Limetuuma sana.

Utumbo una seli zake wenyewe za fahamu, ndizo zinazoamrisha misuli isukume choo. Mtoto akizaliwa bila ya seli hizo sehemu ya chini, choo hukwama na tumbo huvimba. Ndio ugonjwa wa Hirschsprung, daktari wa Denmark aliyeueleza mwaka 1886, na humpata takriban mtoto 1 katika 5,000. Wazee, kichanga akipitisha saa 48 hajapata kile choo cheusi cha mwanzo, mpelekeni hospitali.

Kwa rangi ya kawaida, seli za kichanga ni changa mno na humponyoka mtazamaji. Kwa hivyo tunazitafuta kwa protini zilizomo ndani yake. Tunatumia kingamwili, chembe zinazonasa protini moja maalumu, na pale iliponasa hutokea rangi ya kahawia. Protini iitwayo HuC/D huonesha kiwiliwili cha seli, na iitwayo PGP 9.5 huonesha na nyuzi zake. Sisi tunaitegemea zaidi protini ya tatu, kalretinini, kwa sababu kwenye utumbo usio na ugonjwa nyuzi nyembamba zenye protini hiyo huonekana hata kwenye utando wa ndani, kwa hivyo kinyama kidogo nacho hutoa khabari. Kwenye Hirschsprung nyuzi hizo hazipo.

Shida iko hapo khasa. Jibu la ugonjwa ni kukosekana kwa rangi, na kinyama kilichokauka nacho hukosa rangi, maana protini zimeharibika. Hatuwezi kumwambia daktari ampasue mtoto kwa kutegemea kioo cha hadubini cha namna hiyo.

Nanyi mnaotoa vinyama, kinyama kikitoka tu, kitieni kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyotiwa bafa (chumvi za kuizuia isiwe na asidi), wingi wake mara kumi ya kinyama. Spiriti hapana, maji ya chumvi hapana. Andikeni saa kilipotolewa. Boti ikiahirishwa kwa upepo msihofu, kwenye fomalini kitangoja mpaka kesho yake. Vichupa vilivyokwisha kujazwa tunavitoa bure, vichukueni kabla ya siku ya kutoa kinyama.