Kikundi chetu cha asali kianze na jina, kiwanda baadaye

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wafugaji nyuki wenzangu wa Sikonge, pamoja na halmashauri za mkoa wa Tabora, kuhusu mkopo wa kujenga kiwanda cha kufungasha asali unaotajwa karibu kila kikao.

Riziki yangu kubwa ni soda za jumla hapa Ng'ambo, Tabora mjini. Wateja wengi huamini kwamba Wamarekani ndio wanaotengeneza soda ninazouza. Kumbe Coca-Cola huuza kiini cha ladha na ruhusa ya kutumia jina lake tu. Maji, sukari, gesi, chupa, mitambo, malori, mishahara ya madereva, yote hayo ni mzigo wa mwenye kiwanda aliyepewa eneo lake. Nami chini yake nimefunga hela zangu kwenye kreti na chupa tupu. Mwenye jina yuko Atlanta. Pancha ya lori pale Nzega haimgusi.

Mpango huo ni wa zamani. Mwaka 1899 mawakili wawili wa Chattanooga, Benjamin Thomas na Joseph Whitehead, walipewa na Asa Candler, mkuu wa Coca-Cola wakati huo, haki ya kuuza kinywaji hicho kwenye chupa karibu Marekani nzima, kwa dola 1. Viwanda vikajengwa kwa mitaji ya watu wengine, mji baada ya mji. Ila mkataba ule haukuwa na ukomo na bei ya sharubati, yaani kiini kilichotiwa sukari, ilifungwa isibadilike. Sukari ilipopanda baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1920 Coca-Cola na wenye haki ya chupa wakafikishana mahakamani. Wanaoandika mikataba wasome habari hiyo vizuri.

Sasa sisi. Mavuno yetu makubwa huwa kati ya mwezi wa tano na wa saba, lakini benki itadai mwaka mzima. Wafungashaji wenye mashine tayari wapo. Tunachokosa ni jina ambalo mama wa Dar es Salaam atalitafuta rafuni. Inaniuma kuona asali ya miombo ikiondoka hapa kwenye madumu, halafu inauzwa mbele ya safari kwa nembo ya mtu mwingine.

Kikundi kisajili alama ya biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara. Usajili wa kwanza ni miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Zanzibar ina usajili wake, kwa hiyo tukitaka hoteli za huko tuombe na huko. Wafungashaji wapewe leseni ya muda maalumu, bei ikipitiwa kila mwaka, nasi tuwe na haki ya kuingia kiwandani bila taarifa na kuchukua sampuli. Asali yenye unyevu unaozidi asilimia 20 irudishwe. Kipimo chake ni kifaa cha kushika mkononi.

Ukaguzi huo ndipo hela yetu inapotakiwa kwenda, tena bila ubahili. Mfungashaji mmoja akichanganya sukari, ataharibu jina la wafugaji wote, hata wale wa ndani kabisa ya pori.

Naomba viongozi wasisaini mkopo kabla ya kutuletea hesabu mbili kwenye kikao kijacho, ya kiwanda na ya leseni, zikiwa na marejesho ya kila mwezi.

Muuza soda wa jumla na mfugaji nyuki,
Ng'ambo, Tabora