Amekuja Kimya, Baba

Columbia, Missouri
Aprili 29

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na ule mguu umepoa. Mama nampa shikamoo yake peke yake, asije akasema nimempachika kwenye ya kwako. Sisi huku wazima. Salum sasa hata usingizini anaongea Kiingereza. Mama Salum anawasalimu sana. Kazi ipo, bado ni ya usiku, nimeizoea.

Ya pesa niyamalize kwanza. Jana nimetuma laki nne za bati kwa simu ya Mwanahawa. Sikutuma kwa Kaka Ramadhani, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Maneno aliyoyasema kwenye harusi ya Zuhura yalinifika usiku ule ule: kwamba mdogo wake anacheza na bunduki porini Marekani huku nyumba ya baba yake inavuja. Aliyasema mbele ya wakwe, Baba! Mimi sikatai kuambiwa, yeye ni mkubwa wangu. Lakini nyumba inavujaje? Zile bati 40 za mwaka juzi ziliezekwa wapi? Kwenye picha aliyonitumia Mwanahawa naona upande wa uani bado ni nyasi. Sitaki kumwita mtu mwizi. Nataka wewe mwenyewe umuulize, mkiwa wawili, halafu uniambie alivyojibu.

Na kuhusu hiyo bunduki anayosema nachezea, nakuandikia wewe uliyenifundisha, uhukumu mwenyewe.

Unakumbuka siku ile ya kanga kule ng'ambo ya mto, mimi na wewe na Baba Mdogo Iddi. Nilikuwa na miaka 11. Mbu aliniuma shingoni nikampiga kofi, kundi zima likaruka. Njia nzima ya kurudi hukunisemesha. Tulipofika nyumbani ukamwambia Baba Mdogo, "Huyu hatulii, kama amekalia siafu. Uwindaji hauwezi." Nimelibeba neno hilo mpaka Marekani.

Basi Jumamosi nimeua bata mzinga dume wa porini, kilo tisa na nusu, kwenye msitu wa serikali ambako wenzangu wote walikuwa wamekata tamaa na kurudi makwao.

Bata mzinga wa huku si yule mzito wa kufugwa uliyemwona Tabora mjini kwa yule Mhindi. Huyu anaruka, analala juu ya miti mirefu, anakimbia kama mbwa, na macho yake, Baba, hata kanga haoni ndani. Msimu wa machipuko ni wiki tatu tu, na unaruhusiwa kuua madume, au ndege mwenye ndevu za kifuani zinazoonekana. Wengi huwawinda kwa kusikiliza. Alfajiri dume analia akiwa bado juu ya mti, sauti inavuka mabonde mawili, nawe unamsogelea na kumwita kwa sauti ya jike. Siku za kwanza walilia hivyo, nasikia, msitu mzima. Mimi nilikuwa kazini. Nilipopata siku zangu mbili, wakanyamaza. Siku ya kwanza nilikaa toka giza mpaka mchana bila kusikia hata mmoja.

Yule mzee fundi mashine wa kazini, aliyeniazima shotigani yake kwa sababu goti halimruhusu tena kuingia porini, alinieleza. Dume huyu ana wake wengi. Si kama kanga, ambaye dume na jike wake hawaachani. Majike wakiwa naye tangu alfajiri, alie ili amwite nani? Anawafuata tu nyuma, kimya. Tena wawindaji wameshapita siku zote hizo wakiwapigia vijiwe vyao vya kuitia, vinavyokwaruzwa vikatoa sauti ya jike, ndege wamejifunza. Na kuna mbweha wa huku naye anasikiliza. Lakini jike anataga yai moja kwa siku. Jua likipanda anamtoroka dume kwenda kwenye kiota chake, na mayai yakitimia anaatamia wiki nne, haonekani tena. Ndiyo maana kuanzia saa nne asubuhi dume anabaki peke yake, anazunguka kuwatafuta. Halii, ila anatembea. Na wawindaji wengi saa tatu wameshakwenda kunywa kahawa.

Nilipoyasikia hayo nikajua hii ni kazi yako, Baba. Mambo ya sauti nikayaacha. Ile siku ya kwanza nilipokata tamaa ya kusikiliza, nilizunguka taratibu nikatafuta alama, kama ulivyokuwa ukitufanya tutafute mahali kanga wanapooga vumbi. Nikapata njia ya zamani ya matrekta yenye vumbi laini. Pale kulikuwa na nyayo za vidole vitatu, pana kama kiganja cha Mwanahawa, na pembeni yake mistari miwili inakwenda sambamba. Ni ncha za mbawa. Dume akijitutumua mbele ya majike anashusha mbawa mpaka zinakwaruza ardhi. Kulikuwa na mavi pia, yamepinda kama ndoana, na hiyo ni alama ya dume, maana ya jike hujiviringa kama konokono. Nikasema, hapa anapita.

Jumamosi niliamka saa tisa usiku. Nilipofika kwenye maegesho nilikuta magari matatu. Nikatafuta mwaloni mpana kuliko mabega yangu, nikaegemea, nguo za rangi ya majani mwili mzima na kitambaa usoni. (Nyekundu, nyeupe wala buluu hazivaliwi hata soksi, kwa kuwa ndizo rangi za kichwa cha dume, na mtu anaweza kukudhania. Hili usimwambie Mama.) Kukapambazuka. Walilia kunguru, akalia bundi, bata mzinga hata mmoja hakulia. Saa tatu nikasikia milango ya magari inafungwa, moja baada ya nyingine. Saa nne nilibaki peke yangu.

Nilikwaruza kijiwe changu cha kuitia mara tatu tu, polepole, kama jike anayejisemea mwenyewe, nikakiweka chini. Wewe ulikuwa ukimpigia kwale mluzi mara moja halafu unanyamaza mpaka mimi nasahau tumekuja kufanya nini. Nikafanya hivyo hivyo. Mguu ukafa ganzi. Kupe akanipanda mkononi, nikamwangalia anapanda, sikumgusa. Ningetamani ungeniona wakati ule.

Kwanza alikuja jike na dume mdogo wa mwaka jana, mwenye ndevu za kifuani fupi kama kidole. Wakapekua majani mbele yangu: kwaru-kwaru, kimya, kwaru. Yule mdogo sheria inaruhusu kumpiga. Alikuwa hatua 20. Nikamwacha.

Walipopita tu ukaja mngurumo, nikadhani ni lori kule barabara kuu. Ukanyamaza. Ukarudi, sasa unatanguliwa na sauti kama ya mtu anayetema mate: tfff, vuuum. Lori haliko hivyo. Ni yeye, anajitutumua mahali nisipopaona, na sauti ile haifiki mbali kabisa, kwa hiyo ukiisikia ujue yuko karibu. Sikugeuza hata shingo. Kikatokea kichwa nyuma ya mti ulioanguka, utosi mweupe kama kofia ya kiua, uso wa buluu, shingo nyekundu. Akasimama akinitazama muda ambao sitaweza kukuambia ni kiasi gani. Kisha akashusha kichwa akapita nyuma ya shina, na hapo ndipo nikainua mtutu. Alipotokea upande wa pili nikasema Bismillahi Allahu Akbar. Ilikuwa saa tano kasorobo. Nilihesabu hatua 28.

Nilimkuta bado ana roho, nikamchinja kwa kuelekea kibla, ambacho huku ni kaskazini mashariki. Kipi cha mguuni kina urefu wa kiungo cha juu cha kidole gumba changu. Mzee alipokiona alisema dume huyo ana miaka mitatu au zaidi, mjanja aliyekwisha kukwepa wengi. Usiku ule ule, kabla ya saa nne, ukiua unatakiwa umripoti ndege wako kwa Idara ya Uhifadhi ya jimbo, wanakupa namba. Kila ndege anahesabiwa.

Mwambie Baba Mdogo Iddi habari hiyo ya kuhesabu, kwa ule ubishi wenu wa kanga. Huku nao waliwinda na kukata miti mpaka bata mzinga akakaribia kwisha Missouri. Wakafunga uwindaji. Miaka ya 1950 wakawatega walio hai kwa nyavu na kuwahamishia misitu mingine. Msimu wa kwanza walioufungua tena, mwaka 1960, waliuawa 94 tu jimbo zima. Siku hizi kila machipuko wanauawa makumi ya maelfu na bado wapo. Kwa hiyo wewe ndiye mwenye haki: kanga hawakuhama, tuliwamaliza, na wanaweza kurudi.

Nikiwa narudi garini nimembeba begani, niliona uyoga umeota chini ya mti uliokufa, aina ya huku yenye matundu kama sega la asali. Nikakaa chini. Sijui nikuelezeje, Baba. Nilimwona Mama na ungo wake masika, miombo imelowa, na wewe unarudi na mzinga unatoa moshi. Nilikaa pale mpaka ndege akaanza kupoa mgongoni. Nikauchuma, nikaujaza kwenye kofia.

Mapaja yake ni magumu kama ya jogoo mzee, Mama Salum aliyachemsha saa tatu kisha akayaunga kwa karanga. Tulikula na ugali, na yule mzee alikuja akala kwa mkono.

Mwanahawa atakuonyesha picha kwenye simu. Mwambie aikuze pale kwenye kipi. Bati 20 zikishanunuliwa anitumie risiti, na fundi awe Shabani, siyo mwingine.

Na yule dume mdogo niliyemwacha apite, bado nakuwaza ungesema nini. Ungempiga?

Mwanao,
Jumanne