Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Nani Anakaa Mbele ya Kipaza Sauti

Ndugu wanachama,

Assalaamu alaykum. Tumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tena tukiwa wazima. Nawashukuru nyote mliofika, khasa wenzetu waliovuka bahari kutoka Mkoani na Wete. Waliotutangulia mbele ya haki tuwaombee rehema.

Mambo ya vikao na fedha sitayarefusha. Kamati Tendaji ilikutana kama katiba yetu inavyotaka, mshika fedha atasoma hesabu baada yangu, na orodha ya wanachama wapya katibu ameibandika mlangoni. Mimi nataka kuzungumzia jambo lililochukua nguvu zetu nyingi mwaka huu, nalo ni kuifanya skuli yetu ya mawasiliano iwe kweli ya kila anayedahiliwa.

Tulipoanza mazungumzo na uongozi, tuliambiwa kwamba milango iko wazi kwa wote. Ni kweli. Ukifungua daftari la usajili utawakuta vijana wa Micheweni na wa Makunduchi, wanawake kwa wanaume, Waislamu na Wakristo, wa Visiwani na wa Bara, na wenye ulemavu pia. Lakini skuli ya mawasiliano haipimwi kwa daftari. Ingia studio uangalie nani anasoma habari, nani anashika kamera, nani anahariri, na nani kila wiki anaachiwa kukunja waya na kupanga viti.

Nitatoa mfano mmoja nilioushuhudia. Mwanafunzi kutoka kaskazini mwa Pemba alisoma taarifa ya habari ya majaribio. Pumzi zake zilikuwa sawa, majina aliyatamka bila kukwama, na habari ya karafuu aliisoma vizuri kuliko wenzake wote kwa sababu anajua karafuu inavyochumwa na kuanikwa. Darasa likacheka. Walichokicheka ni lafudhi yake, na tangu siku ile kijana akawa anakwepa zamu ya kusoma.

Jambo hili liliniuma sana. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja cha mjini, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ndiyo iliyokisimamia. Sanifu ina kazi yake katika taarifa ya habari na hakuna anayetaka kuiondoa. Lakini kumfundisha mtu sarufi na msamiati ni jambo moja. Kumfanya aione haya sauti aliyolelewa nayo ni jambo jengine kabisa. Msikilizaji wa Tumbatu na wa Kojani naye ana haki ya kusikia redioni sauti inayofanana na yake. Baada ya vikao kadhaa walimu walikubali kuandika vigezo vya kutahini usomaji: kueleweka, kasi, pumzi, usahihi wa majina na wa habari yenyewe. Lafudhi haimo. Kijana yule amerudi studio.

Kwa upande wa wanafunzi wa kike, tatizo kubwa lilikuwa zamu. Mazoezi ya jioni yalimalizika usiku, wakati gari za shamba zimeshaadimika, na binti anayeishi mbali alilazimika kuchagua kati ya kamera na usalama wake. Wengi wakachagua kwenda nyumbani, kisha wakaambiwa hawana hamu ya kazi. Haya yanasemwa katika nchi ya Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyeuza vyungu na mwaka 1928 akarikodi nyimbo zake Bombay! Sasa zamu zinapangwa kwa mzunguko na mafunzo ya kamera yamehamishiwa asubuhi. Katika ratiba hiyo hiyo mazoezi ya Jumapili asubuhi yameondolewa kwa ajili ya wanafunzi wanaokwenda kanisani, kama ambavyo Ijumaa mchana siku zote huachwa wazi.

Palipobaki kazi kubwa ni kwa wenye ulemavu. Studio ya redio iko ghorofani na jengo halina lifti, kwa hivyo mwenye kitimwendo hubebwa na wenzake. Wanaombeba wana moyo mzuri, lakini mtu mzima hapaswi kubebwa ili ahudhurie somo alilolipia ada. Tumeomba vifaa vya kurikodi vihamishiwe chumba cha chini, na tunaendelea kufuatilia.

Kwa wasioona tumepiga hatua. Programu ya NVDA, inayosoma maandishi ya kwenye skrini kwa sauti, hutolewa bure, na imewekwa katika kompyuta za maabara. Sauti yake ya Kiswahili ni kavu kidogo, lakini inafahamika, na mwanafunzi anaweza kuhariri habari yake bila kumtegemea rafiki. Kwa viziwi bado. Mtihani wa kusikiliza kipindi na kukichambua uliendelea kutolewa bila maandishi wala mkalimani wa lugha ya alama. Huko ni kumtahini mtu masikio yake, si elimu yake.

Tunapodai haya hatuombi hisani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 21 inazungumzia lugha za alama na wajibu wa kuvihimiza vyombo vya habari viwafikie watu hao. Kifungu cha 18 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinalinda uhuru wa maoni na haki ya kupata habari. Mhitimu ambaye hajawahi kufanya kazi na mkalimani darasani atakwenda kutengeneza kipindi cha televisheni na kumsahau, au atambana katika kijisanduku kidogo ambamo mikono haionekani.

Kwa mwaka ujao Kamati inaleta maombi mawili. La kwanza, mkutano uidhinishe sehemu ya ada zetu ilipe wakalimani wa lugha ya alama wakati wa mitihani, huku tukiendelea kuwabana wahusika wabebe jukumu hilo wenyewe. La pili linawahusu nyinyi mlioko vyumba vya habari, Unguja na Pemba. Wanafunzi wenye ulemavu hukosa pa kufanyia mafunzo kwa vitendo, kwa sababu kila wanakobisha hodi huambiwa ofisi haijajitayarisha. Aliye tayari kumpokea mwanafunzi na kumsimamia ampe katibu jina lake leo, kabla ya kuondoka, ili barua ziwahi kutoka.