Barua ya wazi kwa vijana wa garaji za Bukavu

Vijana wangu wa Kadutu, Ibanda na Bagira, nyinyi mnaoshinda chini ya magari ya watu, nawasalimu.

Juma lililopita dereva mmoja wa taksi aliniletea Corolla yake. Analalamika kwamba akikanyaga freni gari linavuta kulia. Garaji aliyotoka walimwambia ni matairi, akanunua matairi mawili, gari likaendelea kuvuta. Nikashuka naye mteremko mfupi, tukasimama, nikapitisha mgongo wa mkono karibu na kila rimu. Tatu zilikuwa na joto. Ile ya mbele kushoto ilikuwa baridi kabisa. Kufungua gurudumu, nikakuta bomba la freni limetumbukizwa kigololi cha rulema, yaani beringi, nati ikakazwa juu yake. Pistoni ya freni ilikuwa inavuja, fundi hakuwa na mpira wake, basi akaamua gurudumu hilo lisipate mafuta tena. Pedali ikawa ngumu, mwenye gari akafurahi, akalipa, akaenda kubeba watu.

Nilikasirika hasira ambayo mke wangu anasema haifai kwa umri wangu. Ndiyo maana naandika.

Najua mtakachosema. Mzee, hali ni ngumu, piesi za gari ni ghali, mteja mwenyewe ndiye aliyesema fanya hivyo hivyo. Nimeyasikia hayo tangu enzi za Land Rover na malori ya Mercedes 911. Lakini Bukavu si Uvira kule tambarare. Hapa kwetu ukitoka mlangoni ama unapanda ama unashuka, na freni za mbele ndizo zinazobeba kazi kubwa, kwa sababu gari likisimama uzito hukimbilia mbele. Tena watengenezaji waligawa freni mara mbili kwa makusudi, ili njia moja ikipasuka nyingine isimamishe gari. Kwenye magari mengi yanayovuta kwa magurudumu ya mbele, mgawanyo huo unakingama: mbele kushoto inakwenda na nyuma kulia, mbele kulia inakwenda na nyuma kushoto. Ukiziba mbele kushoto, njia ile imebaki na gurudumu moja la nyuma tu. Siku njia ya pili itakapopasuka, dereva atashuka Kadutu na abiria waliobanana, akitegemea gurudumu hilo moja. Hakuna aliyemwambia. Wewe ulijua, ukapokea pesa, ukanyamaza.

Wewe uliyetia kigololi, garaji yako naijua na sitaitaja. Mipira mipya imeshapatikana. Njoo uifunge mwenyewe, na mwenye gari awepo akisikia unamweleza ulichofanya. Hakuna atakayekupiga.

Mimi nilifundishwa na mtu ambaye sisi sote tulimwita Shefu. Hakupenda sifa, kwa hiyo jina lake nitaliacha lipumzike naye. Alikuwa mgumu. Kabla ya kugusa mipira ya freni ulinawa mikono kwa sabuni, naye akaikagua, kucha kwa kucha. Kila kilichofunguliwa kililazwa juu ya kitambaa kwa mpangilio wa kilivyotoka, na ukimaliza kazi huku boliti moja imebaki juu ya kitambaa, ulifungua upya tangu mwanzo hata kama jua limezama. Ukimwambia, "Shefu, imepona," alikuuliza neno moja tu: "Umejuaje?" Ukijibu kwamba pedali ni ngumu, alikutazama mpaka ukaenda mwenyewe kutafuta jibu jingine.

Lakini sijawahi kumsikia akimgombeza mwanafunzi mbele ya mteja. Aligombeza mkiwa wawili, nyuma ya karakana, kwa sauti ya chini. Kusifu alikusifu mbele za watu. Mwenzetu mmoja aliposagwa kidole na kriki, yaani jeki, iliyoteleza, Shefu alilipa hospitali, kisha akamkalisha mezani kuandika daftari la magari mpaka alipopona, mshahara wake ukiwa uleule. Tangu hapo hakuna aliyeingia chini ya gari pasipo magogo ya kulitegemeza. Nanyi leo nawaona mnalala chini ya Hiace inayoning'inia kwenye kriki peke yake, simu sikioni.

Jioni moja alikuja mfanyabiashara na Hilux iliyopakiwa hadi juu. Alfajiri anataka kushuka Uvira, na silinda ya gurudumu la nyuma inavuja. Akasema mbele yetu sote, "Ziba hiyo, nikirudi tutatengeneza." Shefu akamwuliza atapita wapi. Ngomo, akajibu. Asiyeijua Ngomo aulize madereva wa malori: barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, kona juu ya kona, bonde liko chini yako. Shefu akachomoa ufunguo, akautia mfukoni. Yule bwana alipiga kelele mpaka wauza mikate wa ng'ambo ya barabara wakaja kutazama. Alitaja wakubwa anaowajua. Alisema atahakikisha garaji inafungwa. Shefu aliendelea kufuta mikono. Bwana alipochoka, akaulizwa:

"Papa, kesho utakaa na nani humo ndani?"

"Na mdogo wangu, na wamama wawili wa soko."

"Hao wamama umewauliza?"

Tulifanya kazi usiku kwa taa ya mkono. Mipira ya silinda ilitoka kwenye akiba ya Shefu mwenyewe, maana madukani haikuwepo. Alimtoza yule bwana bei ya mipira na mafuta ya freni tu. Kazi ya usiku hakuihesabu. Katikati ya usiku mkewe alituletea bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, tukala tumekaa juu ya matairi, na mfanyabiashara akala nasi, amenyamaza. Kulipopambazuka, Shefu alitumia sheria yake aliyoitumia siku zote: aliyegusa freni hukaa kiti cha mbele kwenye mteremko wa kwanza. Hapo ndipo unapojua kama nati uliikaza au ulidhani umeikaza. Mkifika chini mnasimama, anashuka yeye mwenyewe na kupitisha mgongo wa mkono karibu na magurudumu manne. Ninachofanya hadi leo ni hicho.

Sheria hiyo nataka muichukue. Haihitaji pesa wala umeme. Mngekuwa mnakaa wenyewe mbele kwenye mteremko, vigololi hivi vingerudi ndani ya rulema vilikotoka.

Na mafuta ya freni, jamani. Nimeona kijana akijaza mafuta ya injini kwenye chupa ya freni kwa sababu "yote ni mafuta". Mafuta ya injini huvimbisha mipira ya freni. Baada ya muda freni zinashika zenyewe au zinaachia zenyewe, na hapo umeharibu kuanzia silinda kuu hadi magurudumu yote manne. Mafuta ya freni yana madaraja yaliyoandikwa kwenye chupa: DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, DOT 4 kwenye 230 au zaidi. Lakini mafuta haya hunywa unyevu wa hewani. Yakishanyonya maji, DOT 3 inaruhusiwa kushuka hadi nyuzi 140. Kwenye mteremko mrefu freni zikipata moto, mafuta yaliyochoka huchemka, mvuke unajaa bombani, na mvuke unakandamizika: pedali inakwenda mpaka chini na gari halisimami. Kila baada ya miaka miwili yabadilishwe yote. Chupa ikishafunguliwa na kukaa wazi rafuni miezi na miezi, imwage. Na dereva umwambie ashuke na gia ndogo, ileile ambayo angepandia mlima huo.

Mengine nayapitia haraka. Msitupe thermostati, ile inayodhibiti joto la maji ya injini, kila gari linapopata moto: sisi tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji ya wazi hapa huchemka kwenye nyuzi kama 95, kwa hiyo kagueni kwanza mfuniko wa rejeta, ndio unaoshika presha. Nati za magurudumu hukazwa kwa kukingama. Filta ya hewa haipigwi ukutani. Andikeni kilomita na tarehe ya kila vidanji, yaani kila mnapobadilisha mafuta ya injini.

Halafu hizo simu zenu. Mnachomeka kidude chini ya usukani, simu inasoma kodi, yaani namba ya hitilafu, mnaifuta, taa inazimika, mteja analipa. Kufuta kodi bila kutafuta sababu ni kumziba mgonjwa mdomo. Kodi P0171 haikuambii ununue sensa. Inakuambia hewa ni nyingi kuliko petroli. Huenda kuna mpira wa hewa uliopasuka, huenda pampu ya petroli imechoka. Sikatai kidude. Shefu angekipenda sana, yeye aliyekesha na kamusi akitafuta maneno ya kitabu cha gari la Kijapani kilichoandikwa Kiingereza. Ila angekuuliza swali lake lilelile.

Sitawatwisha ninyi lawama zote. Ziko garaji ambazo patroni anamtumia mtoto miaka na miaka kufua sehemu kwa petroli na kununua sigara, hamfundishi hata kusoma kipimo, kwa kuogopa kwamba akijua ataondoka. Wako wazazi wanaoleta garajini yule aliyeshindwa shule, wakisema angalau huku ashike nyundo, kana kwamba maisha ya watu yanayopita mikononi mwake hayahitaji akili. Barabarani tunasimamishwa tuonyeshe karatasi, na karatasi ziko sawa, hata za gari ambalo halijawahi kupita juu ya shimo la ukaguzi. Sijawahi kumwona anayetusimamisha akiinama kutazama gurudumu. Nanyi wenye magari: mnalipia rangi na muziki, kisha mnabishana na fundi kwa ajili ya bomba la freni.

Vita vilipoingia mjini mwaka 1996, garaji ya Shefu iliporwa hadi misumari ya ukutani. Aliporudi, wanafunzi wake tulimletea kle, yaani spana, tulizokuwa tumezificha majumbani, mmoja tatu, mwingine seti nzima, na akaanza upya na hizo. Kabla hajafariki alizigawa tena, kila mtu na zake. Mimi aliniongezea kle dinamometrike, ile inayopima nguvu ya kukaza. Ndiyo ninayokazia nati za magurudumu ya Corolla kwenye nyutoni-mita 103, si kwa kuruka juu ya bomba kama mnavyofanya.

Najua wengi wenu hamna ya kwenu. Hii inaazimwa. Njooni Jumamosi mchana, mwandike jina kwenye daftari, mwondoke nayo hadi Jumatatu asubuhi. Isitumiwe kufungulia nati zilizoshika, kwa kazi hiyo kuna kle nyingine. Irudi imefutwa, na kipimo kimelegezwa hadi namba ya chini, springi isilale imekazwa. Atakayeirudisha imekazwa hataazimwa tena, hata akija na mama yake.